Mwanza hadi Dar kwa ndege ni kilomita ngapi na masaa mangapi? Namsafirisha bi mkubwa

Mama Kachanga

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa zangu wote. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na ruti ya Mwanza Dar kwa ndege maana mimi mwenyewe sijawahi kupanda.

Bi mkubwa wangu yuko Sengerema, ana miaka 67 na magoti yanamsumbua sana siku hizi. Mimi niko huku Mbezi ya Kimara, nimejifungua mtoto wa kwanza juzi juzi tu, mama anataka aje amuone mjukuu na kiukweli na mimi namhitaji, usiku silali na mume wangu kazi yake ni ya shifti. Miaka yote mama anakuja na basi, ila safari iliyopita alifika miguu imevimba mpaka viatu tulivua kwa shida, nikaapa kwamba basi tena hapandi.

Sasa nikaingia mtandaoni kutafuta umbali na muda wa ndege ndio nimechanganyikiwa kabisa. Sehemu moja wanasema Mwanza Dar ni kilomita 850, nyingine 1,150, nyingine wameandika 1,219. Muda nao hivyo hivyo, mmoja anasema saa moja na dakika 20, mwingine masaa mawili, na kuna tiketi niliona imeandikwa masaa matatu na zaidi. Ipi ni ipi hapo? Maana mama mwenyewe anaogopa, anasema atakaaje angani njia yote hiyo ya kutoka Mwanza mpaka Dar, nataka nikimpigia simu nimwambie kitu cha uhakika sio cha kubahatisha.

Na jumla ya safari nzima kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwangu niandae masaa mangapi? Na je mtu mwenye magoti anasaidiwa vipi kule uwanjani? Asanteni.


Ngosha wa Usagara

Hongera sana mama kachanga, Mungu amkuze mtoto na wewe akupe nguvu.

Jibu la haraka, angani ni saa moja na robo hadi saa moja na nusu kwa ndege ya jeti. Mwambie bi mkubwa hivi, muda wa kukaa angani mpaka Dar ni kama ule muda aliokuwa anatumia enzi zile kusubiri kivuko pale Kigongo, akapanda, akavuka, akashukia Busisi. Watu wa Sengerema wote wanaujua ule muda, ataelewa mara moja bila maelezo mengi.

Na sasa hivi hata kivuko hakipo kwenye hesabu, tangu Juni 2025 daraja la Magufuli limefunguliwa, ni kilomita 3 juu ya maji, gari inavuka dakika chache tu. Kwa hiyo kutoka Sengerema mpaka Mwanza mjini sio ile safari ya zamani ya kuomba Mungu foleni ya kivuko iwe fupi.


Mzee wa Aproni

Marahaba binti, hongera kwa uzazi. Nimefanya kazi ya kuhudumia ndege chini uwanjani miaka mingi kabla ya kustaafu, acha nikueleze vizuri kwa sababu maswali yako yote yana majibu na hakuna aliyekudanganya hapo, kila namba uliyoiona ni ya kweli ila kila moja inapima njia yake.

Kilomita 850 ni angani, mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Mwanza mpaka uwanja wa Julius Nyerere. Marubani wao wanahesabu maili za baharini, inakuwa kama 460. Kilomita 1,150 au karibu na hapo ni barabara, maana barabara haikati moja kwa moja, inakwenda Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro ndio inakuja Dar, yaani inashuka mpaka katikati ya nchi kwanza ndipo igeukie baharini. Na 1,219 ni reli, hiyo namba utaikuta kila mahali kwa sababu ndio urefu wa njia kuu ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Dar mpaka Mwanza kwenye mipango ya serikali, nayo inapita Tabora na Isaka. Ukichora ramani utaona ndege inapita juu ya Meatu, inaambaa kati ya ziwa Eyasi na mlima Hanang, inapita Kiteto, inaingia Pwani. Huko hakuna lami ya kukupeleka Dar kwa mstari mmoja.

Sasa muda. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanachukua kilomita wanagawa kwa spidi ya ndege. Airbus A220, ile jeti ya Air Tanzania ya abiria 132, ikishakaa sawa juu inakwenda kama kilomita 830 kwa saa, ukigawa utapata saa moja na dakika moja hivi. Lakini ndege haiondoki ardhini na spidi hiyo, ina dakika kama 20 za kupanda na zaidi ya hizo za kushuka, na kote huko inakwenda polepole zaidi. Ndio maana angani inakuwa saa moja na dakika 15, 20 hivi. Na muda unaoandikwa kwenye tiketi sio wa angani peke yake, unaanza pale ndege inapoanza kusogea kutoka kwenye maegesho mpaka inapofika kwenye maegesho ya Dar na kusimama, kwa hiyo kuna dakika za kutambaa ardhini mwanzo na mwisho, Dar hasa ikikuta ndege nyingine zinasubiri. Ukiona saa moja na nusu kwenye tiketi usishangae.

Masaa mawili uliyoona ni pangaboi, yaani ndege ya mapanga. ATR 72 inakwenda kama kilomita 500 kwa saa, hiyo lazima ikaribie masaa mawili kwa umbali huo. Bombadia zile za Q400 za abiria 76 zenyewe zina haraka kidogo, kama 650, zinakuja katikati, saa moja na dakika 40 hivi. Na ile ya masaa matatu na zaidi ni kwamba haiendi moja kwa moja, inatua mahali njiani, Kilimanjaro au kwingine kutegemea na ratiba ya siku hiyo, inashusha na kupakia ndio inaendelea. Ukibuku angalia hapo pameandikwa vituo vingapi, kwa mtu wa magoti chukua ya moja kwa moja tu hata kama imezidi bei kidogo, kwa sababu ikitua katikati kuna wakati abiria wanaombwa washuke wabadilishe ndege, na kupanda kushuka ngazi ndio adui wa bi mkubwa wako kuliko kukaa.

Kwenye ngazi nikuambie jambo ambalo wengi hawalifikirii. Pangaboi ziko chini, mlango wake wenyewe ndio unafunguka unakuwa ngazi, hatua ni chache. ATR abiria wanapandia nyuma, Bombadia mbele. Jeti iko juu, inasogezewa ngazi ndefu ya magurudumu. Kwa hiyo pangaboi inachelewa kama nusu saa angani lakini magoti yanapumzika kwenye kupanda, jeti inawahi lakini ina mlima wa ngazi. Mimi ningekuwa wewe nisingeamua kwa hilo peke yake, ningeomba kiti mwendo siku ile ile ya kukata tiketi. Usisubiri siku ya safari, iandikwe kwenye bukingi kwamba abiria huyu hawezi kupanda ngazi mwenyewe au anaweza kidogo, maana msaada unatofautiana, kuna mtu anahitaji kusukumwa tu mpaka kwenye ndege na kuna mtu anahitaji kubebwa mpaka kwenye siti. Ikiandikwa, Dar wanakuwa na taarifa kabla ndege haijatua, anakuta mtu anamsubiri.

Jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Wazee wetu wengi NIDA imeandikwa jina moja na nyumbani wanaitwa lingine, nimeona watu wamezuiwa kaunta wakati familia nzima inalia pembeni. Mwombe mtu akupigie picha kadi yake akutumie ndio ukate.


Dereva Sekenke

Mimi nimeendesha mabasi hiyo njia na sitaki kumtisha mtu na basi, basi limetulea wengi na nauli yake mtu wa kawaida anaimudu. Lakini nitasema kweli kwa sababu ni mama wa mtu.

Basi la abiria sheria ni kilomita 80 kwa saa, na vijijini 50, na siku hizi kuna kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinaona kila ukizidisha, hakuna kubishana. Chukua hizo 1,150 gawa kwa 80, ni masaa 14 na kitu bila kusimama hata mara moja. Bado hujaweka vibao vya 50, mizani, chakula, kuchimba dawa, abiria wa njiani, foleni ya Kibaha mpaka Mbezi. Kutoka Sengerema unaongeza na kile kipande cha kuja Usagara. Masaa 16 hadi 18 ndio uhalisia, na likiharibika hapo sisemi. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kwa hiyo anaweza kupanda jioni akafika mchana, wengine wanapenda hivyo kwa sababu ya jua, ila kwa miguu inayovimba usiku ni mbaya zaidi, watu wanalala wamekunja magoti masaa sita bila kunyanyuka.

Kinachoumiza sio kilomita, ni kukaa magoti yamebanwa na siti ya mbele. Ukishuka mlima Sekenke unakuja Igunga au unaupanda ukija Singida, zile kona abiria anajikaza na miguu bila kujijua, mzee akifika Singida goti limeshakaza. Niliwahi kuwashusha wazee pale stendi mtu anasimama dakika nzima ameshika mlango anasubiri miguu irudi.

Kama ndege itashindikana kwa bei, basi usimpe safari moja. Avunje, alale Singida au Dodoma kwa ndugu au gesti ya karibu na stendi, kesho yake aendelee. Na akate siti ya mbele upande wa kondakta, aweze kunyoosha mguu. Lakini kama hela ipo, ndege binti yangu, usijiulize mara mbili.


Reli Kati

Mbona hakuna aliyetaja treni. Achukue basi Mwanza mpaka Dodoma, pale apande SGR, Dodoma Dar ni chini ya masaa manne, inatembea mpaka 160, siti pana, choo kipo, anatembea ndani ananyoosha miguu. Nauli haifikii ya ndege hata kidogo. Kipande kibaya cha foleni ya Morogoro na Chalinze chote anakiruka.


Dereva Sekenke

Mkuu wazo zuri kwa kijana, sio kwa huyu mama. Mwanza Dodoma pekee ni kama kilomita 700, ni masaa 10 au 11 ya basi, yaani sehemu kubwa ya mateso umemuachia. Halafu stendi ya Nanenane na stesheni ya SGR sio sehemu moja, achukue bajaji na mizigo, apite ukaguzi, atembee mpaka behewani, akishuka Dar anashukia mjini wakati binti yuko Mbezi, aanze tena kurudi barabara ya Morogoro. Hiyo ni kupanda na kushuka mara tano. SGR ikifika Mwanza ndio tutaongea lugha nyingine.


Reli Kati

Nimekuelewa mkuu, kwa magoti hapo umenishinda. Ila akija mtu mwingine anasoma huu uzi na hana shida ya miguu na hela ya ndege hana, njia hiyo aifikirie.


Mama Kachanga

Jamani asanteni sana, Mzee wa Aproni nimekusoma mara mbili mbili, hiyo ya ngazi na ya jina nisingeijua kamwe. Nimempigia mama nikamwambia ile ya kivuko cha Kigongo, akanyamaza kidogo akasema kumbe ndio hivyo tu, basi atapanda. Ngosha Mungu akubariki.

Sasa naombeni mnisaidie kupanga masaa. Kuna ndege ya asubuhi na mapema na kuna ya mchana saa nane, ipi inafaa kwa mtu anayetoka Sengerema? Halafu mama keshaanza kupanga sato wa kuleta, anasema mzazi hawezi kukosa supu ya samaki wa ziwani, na dagaa na unga wa muhogo. Nimwambie aache au inawezekana?


Ngosha wa Usagara

Chukua ya mchana. Ya asubuhi itabidi atoke Sengerema usiku wa manane au alale Mwanza mjini, na uwanja wa ndege hauko upande wa daraja, uko ng'ambo ya pili ya mji. Akitoka darajani anakuja Usagara, anaingia Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni, anapita mjini kati, Kirumba, Pasiansi ndio anaelekea uwanjani, kutoka mjini mpaka pale ni kama kilomita 10. Asubuhi hiyo njia ina foleni ya watu wa kazini na wanafunzi.

Ya saa nane mimi ningepanga hivi. Atoke Sengerema saa tatu asubuhi na gari ya mtu mnayemfahamu, sio ya kuunganisha unganisha. Saa tano na nusu au saa sita kasoro yupo uwanjani hata kama kumetokea la kutokea njiani. Anapumzika, anafanya ukaguzi bila haraka, kiti mwendo kinaandaliwa. Saa nane anaruka, saa tisa na nusu yupo Dar. Mpaka apate mizigo saa kumi. Hapo ndipo uhesabu vizuri, kutoka uwanjani kuja Mbezi saa kumi jioni ni Tazara, barabara ya Mandela, Ubungo, Kimara, wewe mwenyewe unaijua hiyo saa. Weka saa moja na nusu mpaka mbili. Saa kumi na mbili anakaa kwenye kochi lako.

Jumla ni masaa tisa mlango kwa mlango, na humo ndege yenyewe imechukua moja na nusu. Nimekuwekea hivi makusudi kwa sababu watu wakisikia saa moja na nusu wanapanga na mambo mengine siku hiyo hiyo, usipange kitu. Mtu wa kumpokea aje na gari yenye siti ya mbele ya kukaa kirahisi, sio ile ya kupandia juu.

Na tiketi inaandika masaa 24, ikiwa 14:00 ndio hiyo saa nane mchana. Kama anayempeleka ni kijana wa pale nyumbani mwandikie kwa meseji saa ya kutoka kwa Kiswahili chetu, usimfowadie tiketi tu ukategemea ataelewa.


Mkerewe Halisi

Naunga mkono ya mchana na kuna sababu nyingine, hali ya hewa ya ziwa. Sisi wa visiwani tumezaliwa na hilo jambo. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote za nchi kavu unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda juu inatengeneza mawingu ya radi. Ndio maana mvua kubwa za ziwani zinapiga usiku wa manane mpaka alfajiri, wavuvi wengi wanafia saa hizo. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, na kipindi cha vuli, ndege ya alfajiri ikikuta wingu limekaa juu ya uwanja inabidi isubiri au izunguke mpaka lipite, na hilo ni jambo jema, rubani anayesubiri ndio rubani wa kumpa mama yako.

Sio kwamba mchana hakuna mvua, nchi kavu inanyesha sana alasiri. Ila nimeona asubuhi ndio kuna kuchelewa kwingi kipindi cha mvua. Kama anasafiri miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, hata hiyo hofu ndogo iondoe.

Akipata dirisha upande wa kulia, kama mawingu hayapo, ataona mlima Hanang umesimama peke yake chini, una zaidi ya mita 3,400, na upande wa kushoto ndio liko ziwa Eyasi, kiangazi linaonekana jeupe kwa magadi. Lakini kwa magoti bora akae pembeni ya njia anyooshe mguu, dirisha ataliona safari ya kurudi akishapona.


Mwaloni Asubuhi

Suala la samaki niachieni mimi, niko Kirumba na kazi yangu ndio hii, nafungia watu wa ndege kila siku ya Mungu.

Mama alete sato wake, hakuna wa kumzuia akifunga vizuri. Sato anunuliwe asubuhi ile ile au jana yake jioni akagandishwa usiku kucha awe jiwe. Atolewe matumbo na magamba kwanza, matumbo ndio yanaharibu samaki. Kila samaki avikwe nailoni yake peke yake, kisha wote kwenye nailoni kubwa nzito mbili, moja ndani ya nyingine, halafu ndio waingie kwenye boksi gumu lile jeupe la kutunza baridi, nafasi zilizobaki jaza magazeti makavu, usijaze barafu. Watu wengi wanajaza barafu ndio wanakataliwa, barafu inayeyuka, maji ya samaki yanavuja kwenye mizigo ya wenzao, na kaunta wakiona boksi limelowa hawalipokei hata ulie. Sato aliyeganda vizuri kwa safari ya masaa tisa hana haja ya barafu. Funga kwa selotepu pande zote, andika jina na namba ya simu ya anayepokea juu ya boksi kwa maka peni.

Boksi linaingia kwenye uzito wa tiketi, kwa hiyo apime nyumbani. Angalia tiketi imeruhusu kilo ngapi na kwa vipande vingapi, ikizidi unalipia kwa kilo na hiyo hela ni bora ununulie kuku huko huko. Dagaa wawe wakavu kabisa na wafungwe mifuko miwili, harufu yake unaijua. Unga wa muhogo hauna tatizo lolote, ila usiwekwe kwenye mfuko laini wa duka, unapasuka, uwekwe kwenye kiroba kidogo cha kushona.

Vya mkononi abaki na mkoba mmoja tu mwepesi wenye dawa zake, simu, miwani na kanga. Dawa zisiingie kwenye mzigo mkubwa hata kidogo.

Wakitaka nimfungie hapa nitamfungia, nikijua mzazi ananyonyesha nachagua sato wa kilo moja moja, hao ndio wana supu.


Mzee wa Aproni

Hapo Mwaloni umemaliza kila kitu, maboksi yaliyovuja yametupa kazi sana ya kudeki matumbo ya ndege.

Naongezea machache binti. Ndege ikianza kushuka Dar masikio yanaziba, mpe pipi za kumumunya, aanze kumumunya pale wanapotangaza kufunga mikanda, asisubiri yaume. Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Dar iko chini kabisa, akishuka atakutana na joto la nguvu pale mlangoni, avae kitu chepesi ndani na sweta juu kwa sababu ndani ya ndege kuna baridi. Viatu viwe vya kulegea bila kamba. Asivae soksi zile zenye mpira unaobana mguu kwa juu.

Halafu usiogope kumpandisha peke yake. Mwambie amwambie mhudumu wa kwanza atakayemuona mlangoni kwamba ni mara yake ya kwanza, amwambie kwa sauti bila aibu, wale vijana wanawapenda wazee wanaosafiri mara ya kwanza, watamfunga mkanda na kumuonyesha choo kilipo. Dar asinyanyuke ndege ikisimama, watu watasimama wote kama wamefukuzwa, yeye akae mpaka waishe, kiti mwendo kinakuja mwishoni. Wewe usihangaike kuja uwanjani na kichanga, mtume shemeji au jirani, akae pale wanapotokea abiria na awe na picha ya mama kwenye simu.


Mama Kachanga

Nimekata. Ya moja kwa moja, saa nane mchana, Alhamisi ijayo, kiti cha pembeni ya njia, na kiti mwendo kimeandikwa kwenye bukingi nimekiona kwa macho yangu. Jina nimelilinganisha na NIDA, kumbe kweli kadi imeandikwa jina la babu ambalo sisi hatulitumii kabisa, ningekata bila kuuliza hapa ingekuwa balaa.

Mdogo wangu wa kiume anamsindikiza mpaka kaunta, na Mwaloni nimekutumia ujumbe kuhusu sato, Jumatano jioni mdogo wangu atapitia kwako. Hivi tukiweka sato sita na dagaa kilo mbili, na boksi lenyewe, itakuwa ndani ya kilo za tiketi?


Mwaloni Asubuhi

Sita wa kilo moja moja wakishatolewa matumbo wanapungua, na boksi lenyewe ni jepesi. Weka na dagaa na unga kilo tano bado hujakaribia kilo 20, linganisha na zilizoandikwa kwenye tiketi. Ujumbe nimeupata, Jumatano aje kabla ya saa kumi na mbili jioni niwagandishe usiku huo, Alhamisi saa tano mama akipita Kirumba kwenda uwanjani namkabidhi boksi njiani, hakuna haja ya kulizungusha mpaka Sengerema na kurudi.


Mzee wa Aproni

Vizuri sana. Hiyo NIDA akae nayo mkobani, isije ikafungiwa kwenye begi kubwa.